Watoto wa Songea na Marehemu Shaaban Robert

Msomaji, ukitoka Makambako kwa basi na kuipita Njombe na baridi yake, njia huteremka na kupanda mara nyingi kabla hujauona mji wa Songea umetandaa karibu na safu ya Matogoro. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na abiria aliyeondoka alfajiri huteremka usiku, miguu imevimba na koo limekauka. Huyo apewe togwa kwanza, maswali yafuate baadaye. Kesho yake asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka, ataiona milima ambamo Mto Ruvuma huanzia, kijito kidogo tu ambacho mbele ya safari huwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka kinapomwagika katika Bahari ya Hindi.

Mji huu una jina la mtu. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na mwanzoni mwa 1906 Wajerumani walimwua hapa hapa pamoja na wenzake zaidi ya sitini. Mgeni akifika hupelekwa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaoneshwa kaburi la halaiki na sanamu za mashujaa. Na kila tarehe 27 Februari mji husimama kuwakumbuka. Basi mtoto wa Songea, kabla hajajua kusoma, amekwisha kufahamu kwamba mtu aweza kufa akaacha jina lake juu ya mji mzima. Kwa bahati mbaya amefahamu pia kwamba wakubwa hukumbukwa kwa jinsi walivyokufa.

Nimekuja na swali moja. Watoto hawa, wenye umri wa miaka mitano, saba au tisa, utawaelezaje habari za mtu mkubwa ambaye hakushika mkuki wala hakunyongwa, bali alikaa mezani akaandika? Ninamkusudia marehemu Shaaban Robert.

Pengine utauliza: kwa nini Songea, na mtu mwenyewe alikuwa wa Tanga? Ni kweli. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, na katika vituo vyake vya kazi vinavyojulikana Songea haimo. Lakini wazee wake walikuwa wa asili ya Kiyao, na Wayao ni watu wa kusini. Tunduru, wilaya nyingine katika mkoa huu huu wa Ruvuma, imejaa jamaa zao. Yeye mwenyewe alijiita Mswahili, kwa ajili ya lugha aliyokua nayo. Habari hiyo ina uzito mkubwa katika nyumba za Songea, ambamo bibi husema Kingoni, mama hujibu kwa Kiswahili, na mjukuu husikia vyote viwili akasema kimoja.

Tena kuna haja. Kijana mmoja wa darasa la tatu, mtaa wa Bombambili, nilimwuliza Shaaban Robert ni nani. Akafikiri sana, akanijibu kwa adabu: "Ni barabara ya Dar es Salaam." Hakukosea. Barabara hiyo ipo, na shule yenye jina hilo ipo. Ila mtu ndiye aliyepotea chini ya vibao.

Wazazi wengi, wakitaka kumrudisha mtu huyo, huanza na tarehe. Wanamsimamisha mtoto, wanamwimbisha mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa kama anayejiandaa kwa mtihani. Naomba tusifanye hivyo. Shaaban Robert mwenyewe hakuwalea wanawe kwa njia hiyo. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume alimtungia Utenzi wa Adili. Yaani baba alipotaka kufundisha alikaa akaunda kitu kwa mkono wake, akampa mtoto. (Baadhi ya mausia yale kwa binti ni ya zama zake, na mzazi wa leo ana hiari ya kuchagua.) Nasi tuunde.

Juni iliyopita, likizo ya shule ilipoanza, nilikaa Jumamosi tatu katika ua wa nyumba moja ya Mfaranyaki pamoja na watoto tisa na bibi yao, ambaye wote walimwita Bibi, hata wale waliokuwa wa majirani. Vifaa vyetu havikununuliwa dukani. Juni ni mwezi wa mavuno huku, kwa hiyo magunzi ya mahindi yalikuwa tele. Tulikuwa na maboksi ya kufungia sabuni, visoda, mkaa, kamba za katani, vipande vya mianzi, na gundi tuliyoisonga kwa unga wa ngano.

Kwanza tulichora ramani. Si ramani ya karatasi, maana mtoto wa miaka sita hawezi kuingia ndani ya karatasi. Tulifagia ua, tukachora nchi nzima kwa ncha ya jembe, kubwa kiasi cha mtu kutembea ndani yake. Ziwa Nyasa likawa kanga kuukuu ya Bibi. Bahari ikawa majivu. Songea tukaiwekea jiwe jeupe, kwa sababu mtoto lazima aanze pale aliposimama. Kisha tukampa Shaaban mwili: gunzi moja refu lenye kofia ya kitambaa cheupe, na kila mtoto akapata zamu ya kumsafirisha.

Safari yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Gunzi likatoka Vibambani likaja Dar es Salaam, ambako Shaaban alisoma tangu 1922 hadi 1926. Hapo tukasimama. Wanafunzi waliopata hati ya kumaliza masomo walikuwa kumi na mmoja, naye alikuwa wa pili miongoni mwao. Nikawapanga watoto tisa msitari mmoja, mimi na Bibi tukaingia tukatimia kumi na mmoja, na msichana wa miaka saba aliyekuwa wa pili katika msitari akainua mabega kwa fahari. Halafu kijana mdogo kuliko wote akatazama huku na huku akauliza, "Na watoto wengine walikwenda wapi?" Swali hilo lina jibu, na mtoto alistahili kulipata. Nilimwambia kwamba serikali ya wakoloni ilifungua shule chache, na watoto wengi wenye akili kama yake walibaki nje. Bibi akaongeza kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobaki nje, ingawa huo ulikuwa wakati wa baadaye. Hakuna kitabu ambacho kingewaeleza watoto jambo hilo kwa uwazi zaidi ya msitari ule wa watu kumi na mmoja.

Baada ya Dar es Salaam gunzi likapanda Pangani. Tangu 1926 hadi 1944 Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na forodha ni mchezo ambao watoto hawahitaji kufundishwa mara mbili. Boksi likawa meza ya afisa. Mizigo ikaja: dagaa wa Nyasa, mahindi, mkungu wa ndizi, na kuku wa kweli aliyekataa kukaguliwa. Karani akaandika kila kitu katika daftari kwa mkaa. Nikawaeleza kwamba kazi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mchana, na kwamba mashairi na hadithi aliviandika katika saa zilizobaki. Baadaye tukampeleka Mpwapwa, katika idara ya mifugo, kisha tukamrudisha Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya na mwisho katika idara ya upimaji ardhi, mpaka 1960. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi za ofisi! Mzazi anayerudi nyumbani amechoka na kazi za watu, akasikia habari hii pamoja na mwanawe, huenda naye akajifikiria.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya barua. Ndugu yake Shaaban, Yusuf Ulenge, alizihifadhi barua alizoandikiwa na kaka yake tangu 1931 hadi 1958, na miaka mingi baadaye zikachapwa kuwa kitabu. Fikiri, msomaji: miaka ishirini na saba ya karatasi, zisipotee kwa mvua, mchwa wala kuhama nyumba. Watoto hawa hawajui barua. Wanajua simu. Katika kundi letu alikuwamo mvulana wa miaka minane ambaye baba yake anafanya kazi Dar es Salaam, na sauti ya baba huyo husikika usiku kwa dakika chache, salio likiwepo. Nikamwuliza angependa kumwandikia nini baba yake kitu ambacho hajawahi kumwambia kwenye simu. Akakaa muda mrefu, penseli mdomoni. Kisha akaandika kwamba mbuzi amezaa, kwamba jino la mbele limetoka, na kwamba akirudi asije usiku kwa sababu yeye hulala na hataki kumkosa. Mistari mitatu. Bibi hakujua kuandika, akamwomba mjukuu mwingine amwandikie barua yake kwa dada yake aliyeko Mbinga, akaitamka kwa Kingoni, na msichana akaigeuza Kiswahili neno kwa neno, akisimama kila mara kuuliza maana. Ilituchukua asubuhi nzima. Nakushauri usiifupishe kazi hii, wala usisahihishe tahajia mpaka barua imekwisha.

Ushairi waufundisheje watoto wadogo kiasi hiki? Usiufundishe, upige. Shairi la kawaida alilolizoea Shaaban Robert huwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Mtoto wa darasa la pili amekwisha kujua silabi, na mtoto wa Songea amezisikia ngoma za Lizombe tangu mgongoni mwa mama yake. Tulipiga debe: kila silabi pigo moja, baada ya nane kimya kidogo, kisha nane nyingine. Mtu akizidisha silabi, debe humfichua. Kwa muda wa saa moja walitunga mishororo miwili juu ya mlima wanaouona kila siku:

Matogoro mlimani, Ruvuma yaanza kwenda,
Yapita na mashambani, maji mengi yatupenda.

Nilisema kwamba maji hayapendi, hunywewa. Mtungaji, mwenye umri wa miaka tisa, alinijibu kwamba neno jingine halikutosha debe. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, washairi wakubwa wengi wameitumia.

Udongo nao una mahali pake. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, ambaye alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi na kuuza vyungu kabla ya kuwa na sifa. Udongo mfinyanzi wa mabondeni Songea ni mzuri. Watoto wakafinyanga vyungu vidogo, vingi vikapasuka vilipokauka. Habari hii nawaachia wazazi waikuze wenyewe.

Nataka kukaa zaidi juu ya hadithi mbili, kwa sababu ndizo zilizotikisa ua.

Ya kwanza ni Adili na Nduguze. Humo mna mtu mwema, Adili, ambaye ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, walimtenda ubaya kwa wivu wakageuzwa manyani. Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Huwapiga huku akilia, kisha huwapa chakula kizuri. Tulitengeneza nyuso za manyani kwa maboksi na nyuzi za katani, na kiboko tukakisokota kwa maganda ya mahindi ili kisimwumize mtu. Watoto walicheka sana mpaka Adili wetu alipoanza kulia kwa kuigiza. Mvulana mmoja, aliyekuwa nyani, akavua uso wake akauliza, "Mbona anayepiga ndiye anayelia?" Kabla sijajibu akaongeza, "Baba akinipiga halii."

Ua ukanyamaza. Msomaji, sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba lilitakiwa. Bibi alimwita akamketisha karibu naye, akampa kiazi. Jioni yake baba wa mvulana alipokuja kumchukua, mtoto alimsimulia hadithi yote njiani, na mimi niliwatazama wakishuka bonde pamoja, mtoto akionesha kwa mkono jinsi nyani anavyotembea, baba akiwa ameinamisha kichwa kusikiliza. Kama maswali ya namna hii hukutia hofu, chagua kitabu kingine. Lakini ukikichagua hiki, usikikate mahali pa viboko. Ndipo mwandishi alipoweka machozi.

Ya pili ni Kusadikika, iliyotoka 1951, habari za nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kuwataja wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za manufaa, na kila mmoja akatiwa kifungoni badala ya kushukuriwa. Kitabu chenyewe ni kigumu kwa mtoto mdogo, ila umbo lake ni mchezo tayari. Tulikata nchi ya Kusadikika katika boksi, tukaitungika kwa kamba juu ya mwembe. Wajumbe sita wakatumwa kweli: wa ardhini akachimba shimo akarudi na mnyoo; wa mbinguni akapanda mwembe; wa kusini akaenda mpaka kwenye duka la jirani akarudi na bei ya sukari. Kila aliyerudi alitoa habari yake mbele ya mfalme, na waziri Majivuno akaamuru afungwe ndani ya duara la mawe.

Wajumbe wa kwanza walicheka. Wa nne alikuwa na hasira ya kweli. Yule wa sita, mdogo wetu aliyeuliza habari za watoto waliokosa shule, alikataa kabisa kurudi. Akabaki nyuma ya banda la kuku na habari zake. Ilibidi Karama, msichana wa miaka tisa, aende kumbembeleza, na huko nyuma ya banda ndiko alikotoa utetezi wake bora kuliko ule wa mbele ya mfalme: alimwambia kwamba asiporudi hakuna atakayejua alichokiona. Mdogo akatoka. Mfalme wetu, kama katika kitabu, mwishowe akawafungua wote. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba hadithi hii iliandikwa wakati nchi yetu ikitawaliwa na wageni, na mwandishi akiwa mtumishi katika serikali hiyo hiyo. Wakubwa kati yao walielewa mara moja kwa nini aliiweka nchi yake angani.

Neno la tahadhari. Watoto hupenda utoto wa watu wakubwa, nasi wazazi hushikwa na tamaa ya kuwatungia: kwamba alisoma kwa mwanga wa mbalamwezi, kwamba alikuwa mtiifu kuliko wenzake, kwamba hakula mpaka amemaliza kazi ya shule. Usimtungie Shaaban Robert utoto. Maisha yake aliyaandika mwenyewe katika Maisha Yangu, na aliyoyaandika yanatosha. Alioa mke, Amina, akafiwa naye, akamwombolezea kwa shairi ambalo mpaka leo husomwa. Mtoto aweza kuambiwa hilo. Watoto wa Songea wamezika babu na shangazi; hawashituki kusikia kwamba mtu alilia na kisha akaandika.

Jumamosi ya tatu, mchana, tuliwapeleka Mahenge. Walikuwa wamekwisha kwenda na shule, na walijua mahali pa kusimama na mahali pa kuvua kofia. Lakini safari hii walitembea kwa namna nyingine. Msichana yule wa utetezi alisimama mbele ya majina ya mashujaa akayasoma moja moja, akipiga silabi kwa kidole pajani. Kisha akataka kujua ni nani aliyeyaandika, na kama kuna barua zao. Mvulana wa barua ya baba akamjibu kwamba labda zilikuwapo na hakuna ndugu aliyezitunza.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi michache tu, na baadhi ya kazi zake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, zilichapwa baada ya yeye kuondoka. Ziliweza kuchapwa kwa kuwa karatasi zilikuwapo. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya Jumamosi ile ilikuwa ya kutafuta chombo. Karatasi za mkaa, ramani ya Kusadikika, mishororo miwili ya Matogoro, nakala ya barua ya baba (barua yenyewe ilikwisha kwenda na basi) na ile ya Mbinga, vyote vilikunjwa vikaingia katika kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Nyuma ya kila karatasi mtoto aliandika jina lake, umri wake na tarehe. Bibi akalipandisha kopo juu ya kabati, mbali na panya, akalifunika kwa kanga ile ile iliyokuwa Ziwa Nyasa, akawaambia watoto kwamba mvua za masika zikianza kuvuja upande ule wa bati, wamkumbushe alihamishe.